Maua Aliyoyatoa Mke Wangu

Jumamosi, mwezi wa nane, 1956

Haya, zimezaa. Stroberi zimezaa hapa Ifakara na joto lote hili, na nani mwingine kazipanda? Hakuna. Mimi tu.

Lakini tuta la mlangoni limezaa matunda manene, la kisimani vitunda kama punje za mahindi. Miche ile ile, samadi ile ile. Sista wa misheni aliponipa miche aliniambia niyatoe maua ya kwanza, mche upate nguvu. Nilimcheka. Nimelima mpunga tangu ujana, nani hukata mpunga unapochanua?

Leo kaja, kaonja ya mlangoni. "Baba, kumbe ulinisikia!"

Nikasema ndiyo, mimi mkulima bwana. Mke wangu akaendelea kupepeta mchele.

Sista alipoondoka nikamuuliza mke wangu mbona tuta la mlangoni limezaa vile.

"Maua ya mlangoni niliyatoa mimi, ulipokuwa shamba. Ungekubali kuambiwa?"

"Nisingekubali."

"Basi kula, mzee."

Angeweza kuniumbua mbele ya mgeni. Hakuniumbua. Hilo ndilo linalonikaa moyoni.

Jioni nimekwenda tuta la kisimani, nikayatoa maua yote. Nilingoja kwanza atoke nje, anione.