Walipogonga Nilikuwa Kipindi cha Kumi na Nne

Jumatano, baada ya Alasiri. Joto tangu asubuhi, upepo hakuna, na kichwa kinaniuma kama mtu aliyelia, ingawa sijalia.

Leo nimefanya jambo la aibu. Naliandika sasa hivi, kabla sijaanza kulipunguza kichwani mwangu.

Tangu watu wa mradi wa gesi wapake namba nyekundu mlangoni kwetu, nyumba hii haina ruhusa ya kubadilika. Baba haongezi chumba. Mama hapandi mnazi, maana mche uliopandwa baada ya namba hauhesabiwi. Tunangoja waje kupima nyumba, kuhesabu miti na kuandika majina, halafu tuhamishiwe Quitunda, kijiji kipya cha mradi, kwenye nyumba za matofali. Lini? Wiki hii. Wametuambia wiki hii tangu Ramadhani.

"Humu ndani anayesoma Kireno ni wewe, Fatu," Baba aliniambia. "Usitoke mpaka waje. Wakikukuta watakuandika. Wasipokukuta, huna jina."

Kwa hiyo sikwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, kusomea ualimu. Wenzangu wawili niliomaliza nao sekondari wamekwenda. Mimi nimebaki nalinda mlango.

Shangazi Somoe akanihurumia. Yeye ni mfanyabiashara, huvuka mpaka pale Namoto kwenda Mtwara kununua vitenge na sabuni. Safari iliyopita aliniletea bahasha ya DVD. "Shika, mwanangu, usije ukaota mizizi humu," akasema. Tamthilia ya vijana wa shule ya bweni. Mmoja mchawi, mmoja hugeuka mbwa mwitu, na kuna binti aliyekufa zamani za mababu lakini bado ana miaka kumi na saba, na hawezi kuvuka geti la shule. Mtu mmoja huko Tanzania ameitia Kiswahili juu yake. Anawasemea wote peke yake, wavulana na wasichana, na mapenzi yakikolea anacheka mwenyewe.

Temporada ya kwanza, yaani msimu wa kwanza, niliimaliza siku mbili.

Nitasema kweli, siyo nzuri kiasi hicho. Damu yao inafanana na juisi ya rosela, na binti yule akifika getini analia vilevile kila mara. Lakini kipindi kikiisha kinaniachia mtu amesimama nyuma ya mlango, nami siwezi kuzima. Betri ya sola ikiisha nalala. Ikijaa naendelea. Nimeacha kufagia uwanja. Nimeacha kusuka nywele. Mama akiniita naitika "naam" bila kugeuza shingo. Yeye huondoka zake shambani peke yake, na mimi nafurahi ameondoka.

Hilo nalo ni la kukiri. Nilifurahi.

Leo Mama alikuwa kwenye muhogo, Baba pwani kushona nyavu. Nimetundika shuka dirishani ili kioo cha televisheni kionekane, sauti nimeipandisha. Kipindi cha kumi na nne. Binti amempata mvulana anayejua siri ya geti.

Nikasikia hodi.

Ningependa kuandika kwamba sikusikia. Nilisikia. Nikadhani ni Bi Mwanahawa, jirani yetu, anakuja kuomba chumvi, na Bi Mwanahawa akiingia hatoki. Nikajisemea, atasubiri kidogo. Hodi ya pili nikapunguza sauti. Ya tatu nikabana pumzi, kama mwizi ndani ya nyumba ya baba yangu.

Kipindi kilipoisha nilifungua mlango. Kwenye upenyo palikuwa na karatasi imepachikwa. Juu yake namba ya nyumba yetu, chini neno moja kwa wino wa bluu: *Ausente*.

Hayupo.

Nilikimbia bila ushungi mpaka barabarani. Vumbi la gari lilikuwa bado halijatua. Bi Mwanahawa alikuwa kibarazani kwake, anachambua mchele.

"Nimewaambia kuna mtu," akasema. "Nimewaambia, huyo binti hatoki. Wamegonga mara tatu, Fatu. Ulikuwa unaumwa?"

"Ndiyo, bibi," nikamjibu.

Mama alirudi na kapu la muhogo, akauliza hawajaja tu? Nikasema hawajaja. Karatasi ilikuwa imekunjwa ndani ya kanga yangu. Uwongo wa pili ndani ya saa moja.

Wa tatu ulinishinda. Baba alipita msikitini kusali Alasiri, na msikitini kila mtu alikuwa anazungumzia walivyopimwa. Alikuja moja kwa moja, akasimama mlangoni, hakuvua hata viatu.

"Walifika hapa?"

"Walifika, Baba."

"Ulikuwa wapi?"

"Ndani. Nilikuwa naangalia DVD. Nimewasikia, sikufungua."

Nilingoja kofi. Lingekuwa nafuu. Baba alikaa kwenye mkeka, akatazama televisheni iliyozimwa.

"Kaburi la bibi yako," akasema. "Nilitaka uwaonyeshe hilo kwanza. Lisipoandikwa, watalipitishia mashine."

Sikujua lilipo. Miezi yote hii nalinda mlango, na sijui bibi yangu kalala wapi.

Alinichukua. Tukapita nyuma ya mikorosho, nyasi zikinikata miguu, jua likiniumiza macho. Ni mawe manne ya matumbawe na sahani ya kaure iliyopasuka, imezibwa na magugu. Magugu tuliyang'oa wote wawili. Mikono yangu imechubuka. Baba alisoma Fatiha, kisha akaniambia jina lake kamili, nami nikalirudia mpaka likakaa.

Tuliporudi nikaitoa ile karatasi kwenye kanga, nikamsomea Baba. Nyuma yake pana nafasi: asiyekutwa aeleze sababu, aipeleke ofisi ya mradi mjini Palma.

"Andika wewe," akasema. "Chefe wa kijiji nitamwona mimi."

Nimekaa nayo muda mrefu kuliko mtihani wowote. Kuumwa kungekubalika. Msiba ungekubalika zaidi. Nimeandika kwa Kireno, kwa herufi za kusomeka, kisha nikamsomea Baba kwa Kiswahili: Nilikuwepo. Nilisikia mkigonga. Sikufungua. Kosa ni langu, si la nyumba hii. Tuna kaburi.

Baba akasema, "Weka na jina lake."

Nimeweka. Sijui kama ofisini watalisoma au watacheka. Gari la Palma hupita alfajiri, na kesho mimi ndiye nitakayepanda.