Sweta la Joan

Kaka Frednand,

Shikamoo. Mama anaendelea, ni mguu tu unamsumbua. Maharage mengi yameoza shambani kwa mvua hizi. Nimechoka, lakini haya nisingeweza kukueleza kwa simu mwanao akisikiliza hapa nyumbani.

Shule uliyompeleka Joan ina watoto wa Mhindi wa mashine ya kahawa, wa Wachina wa barabara, na wa wakubwa wa wilaya waliohamishiwa huku. Wahangaza, sisi wenyeji, ni yeye na mwenzake mmoja. Wengine wote wamejaa hapa ninapofundisha, Kibimba, wanabanana kwenye madawati.

Siku ya wazazi shule yao ilitaka ngoma ya Kihangaza, wachezaji hawana. Wakaja kuniazima wanafunzi wangu, wakawavika masweta ya shule yao. Watoto walicheza vizuri mno. Joan naye akashindwa kukaa na wenzake, akaingia kwenye mstari.

Ngoma ilipoisha, mwalimu wao mmoja mgeni, asiyewajua watoto, alipita akikusanya masweta. Alipofika kwa Joan akasema, "Na wewe vua." Mtoto akavua, akamkabidhi. Akarudi nasi kwa miguu, anaimba njia nzima.

Kesho yake nilitaka kwenda kulidai lile sweta. Joan akanizuia. "Liache, shangazi. Nimeshalirudisha."

Leo asubuhi nimemkuta darasani kwangu, kabanwa katikati ya wenzake dawati la mbele. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Nikaita mahudhurio, na mwishoni nikalitaja jina lake.

Akaitika.

Mdogo wako,
Speciosa