Mkono wa Kushoto wa Kodiani

Likoni, 9 Agosti 1959

Kwa mpwa wangu Mohdhar,

Salaam nyingi zikufikie huko Tanga, na kile kifua chako inshallah kiwe kimepoa. Sisi huku tu wazima. Mamako Mwanaima akusalimu, na kila akipakua chakula hukutaja.

Najua watu wa Tanga wamekwisha kukueleza habari zangu, maana Pwani nzima hakuna harusi ikaitwa harusi bila kodiani yangu. Mwaka juzi nilipopiga hapa Likoni, feri ilisimama katikati ya mkondo, nahodha kaacha usukani asikilize. Abiria wakakataa kushuka, wallahi.

Sasa kikundi chetu kimeingiwa na Dishon, fundi wa mashine kutoka bara, afanyaye kazi Changamwe. Hata kikoi hajui kufunga. Aliichukua kodiani ya kikundi akaifungua ubavu wa kushoto, penye vile vifungo ambavyo ukibonyeza kimoja hulia sauti tatu pamoja. Wewe wajua kwa nini sikuvigusa miaka kumi na mmoja: Wazungu waliviunga kwa nyimbo zao, kwetu vyagombana na fidla. Nimewaeleza watu hivyo mara nyingi, nao wakaniona mjuzi. Basi Dishon aliyasikia maelezo yangu akayaamini. Akakunja vijiti vya ndani kimoja kimoja, akachagua mwenyewe sauti zipi zilie pamoja, hata kila wimbo wetu ukapata kifungo chake. Juu ya kila kifungo akabandika kikaratasi chenye jina la wimbo. Akasema, kwa adabu iliyonikera, kwamba kazi yote hiyo kanifanyia mimi.

Mwidani, mkubwa wa kikundi, alikaribia kulia. Mamako naye akatamka mbele ya wanawake kwamba kwenye harusi ya dadako Salme, kiti cha kodiani atakikalia mwenye kutumia mikono miwili. Harusi ya mpwa wangu wa damu, Mohdhar. Wali wa siku ile niliula kama mchanga.

Nililofanya nitakwambia, lakini lisifike kwa mamako. Alasiri ya harusi nilijifungia chumbani na kodiani, nikabandua vikaratasi nikavibandika ovyo, ili Dishon aaibike. Kumbe Mwidani, kwa kunistahi, akanikalisha mimi kwanza. Nikapiga kama siku zote, kwa mkono wa kulia. Nyamvula, mpiga tari, akaniuliza watu wote wakisikia kama ule wa kushoto nimeuacha nyumbani umelala. Wanawake walicheka mpaka bibi harusi akafunua uso. Kisha akakaa Dishon. Hakutazama kikaratasi hata kimoja. Vidole vyake vyajua njia. Salme alilia kwa furaha. Mimi nilitoka nje, nikasema moshi wa udi umeniingia machoni.

Asubuhi yake Dishon alinijia mlangoni na kodiani. Vikaratasi amevirudisha mahali pake, wala hakuuliza kitu. Kaniambia tu, mzee, Jumamosi tukae tujaribu pamoja.

Nisalimie majirani zako wote, na kifua ukisugue mafuta ya nazi ya moto. Kabla sijakunja karatasi, nikwambie na hili. Vile vifungo havikupata kugombana na fidla. Sikujua kuvipiga. Miaka yote kumi na mmoja, mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukivuta upepo tu.

Ni mimi mjomba wako,
Khatibu bin Idarus,
mpiga kodiani, upande wa kulia