Maji ya Kinywa Chako kwa Fidélie

Likasi, tarehe 4 mwezi wa tano 2026

Mupendwa Yaya Philomène, dada yangu mukubwa,

Jambo sana huko Kamina. Mwili uko namna gani? Na magoti, yanakubali sasa kupanda ngazi za kanisa? Baridi ya asubuhi imeingia kwenu pia? Sisi hapa tunapumua, Mungu asifiwe. Mimi bado kijana. Wamama wa soko wananiita bwana harusi. Lakini barua hii naiandika nikikaa na kusimama, nikikaa na kusimama, kama muntu aliyekalia siafu.

Simu yangu huipokei tangu ndoa ya Fidélie, miaka miwili sasa. Ndiyo maana karatasi hii nimeipatia Ruphin, dereva wa lori la chumvi. Usimufukuze, yeye hana kosa.

Yaya, mutoto wetu Fidélie yuko hospitali. Damu inamutoka bila kusimama, na macho yamekuwa meupe kama chokaa ya Kakontwe, kule bwana yake Steve anakofanya kazi. Walimupiga picha ya tumbo: uvimbe ndani ya kizazi, mukubwa kama chungwa. Sasa wanamuongezea damu ili wamupasue Jumanne ijayo, tarehe 12. Docteur anasema ikipita hapo, damu waliyomupa itakuwa imetoka yote.

Na mutoto anakataa kupasuliwa, anasema ni hasira yako! Mimi niliyefika Durban mara tatu, niliyelala hoteli yenye mulango unaojifungua wenyewe, nilimucheka. Nikamuambia, "Fidélie, huu ni uvimbe, si shangazi yako!"

"Papa, uvimbe nimeuona kwenye picha. Lakini nani aliufungia humo? Shangazi iko na moyo mubaya na miye. Nikiingia kule kwa kupasuliwa na kisirani yake, sitoke muzima."

Docteur akamuchorea kizazi kwenye karatasi, vizuri sana, hata mimi ningekitundika saloni kwangu nyumbani. Fidélie akasema aksanti, akageukia ukuta.

Muuguzi mumoja, maman Bénie, akanivuta pembeni. "Papa Symphorien, acha kucheka. Docteur anamuambia ugonjwa ni nini. Yeye anauliza kwa nini umemupata yeye, na jibu hilo haliko kwenye sindano yetu. Muite huyo shangazi."

"Shangazi iko mbali, maman. Tena iko na kichwa nguvu."

"Na weye je?"

Nikaomba karatasi, Yaya. Mimi!

Bon. Tuseme ukweli. Siku ya ndoa, shangazi ndiye anayemushika bibi harusi mukono, kumuingiza kwa bwana, na kumutemea maji ya baraka. Kazi hiyo ilikuwa yako. Ulikaa siku tatu kwenye treni kwa ajili yake. Mimi nikaipatia Madame Chérie, muke wa chef wangu wa kazi, kwa sababu alikuja na gari nyeupe ya madirisha meusi na nilitaka Likasi yote ione. Wewe nikakuweka nyuma, karibu na masufuria. Uliondoka bila kula. Fidélie hakuchagua kitu. Alikuwa amefunikwa uso, akafuata mukono uliomushika.

Sisemi wewe ndiye uliyemufunga. Hilo sikulifikiri hata siku moja. Mimi naamini picha ya docteur. Lakini mutoto hataingia bila wewe, na siwezi kumusukuma kwenye kitanda cha kupasuliwa kama gunia la makaa.

Ruphin anarudi huku Ijumaa. Kiti cha mbele nimekuwekea. Kama magoti yanakataa, ndani ya bahasha kuna kitambaa cha kichwa cha Fidélie. Weka maji kinywani, taja jina lake na la marehemu mama yetu, ukitemee, umupe Ruphin. Kikikauka njiani si kitu. Mutoto atajua.

Mimi unikasirikie hata miaka kumi mingine, mugongo wangu ni mupana. Yeye umuachilie.

Nisalimie shemeji Albert, na mutoto wenu Numbi na watoto wake. Steve anakusalimia pia. Hali chakula, halali usiku, anazunguka tu hospitali. Mungu akulinde, na magoti ayatie mafuta.

Ni mimi mudogo wako ninayekupenda, na ninayekuomba musamaha kwa maandishi, jambo ambalo hakuna muntu wa Likasi amewahi kuliona,

Symphorien