Mguu wa Kaka Serge

Harrow, Landani
9 Februari 1999

Kaka Serge,

Habari za Kigoma, na kile kifua chako? Mimi mzima, ila baridi ya huku haina adabu.

Barua hii naitia posta Kilburn, kwa rafiki yangu Placida, kwa sababu ya Mzee Leonard ninayemtunza. Zamani alikuwa mwanadiplomasia wa Uingereza. Vita vya sitini na nne vilimkuta kwetu Uvira, akatembea milima yote, na Kiswahili anakijua kuliko anavyotaka nijue. Ananiuliza mambo ambayo mgonjwa haulizi: nilikimbia kwa njia gani, nani alinivusha ziwa. Na barua zako zinafika gundi mbichi, kama zilizofunguliwa zikafungwa tena.

Unajua Uhamiaji niliwaambia sina ndugu aliye hai, wasije wakasema nikaishi kwako Tanzania. Akiwapelekea jina lako, nimekwisha.

Tumtege. Andika hapa Harrow kwamba umevunjika mguu. Akinipa pole kabla sijamwambia, tumemjua.

Mdogo wako,
Angélique


Kigoma
3 Machi 1999

Mdogo wangu,

Hujambo? Baridi imekuachia vidole?

Nimevunjika mguu. Nilikuwa nafunga taa ya kanisa, ngazi ikanikataa. Padri ananiombea, shemeji yako ananicheka. Msalimie sana huyo mzee wako. Naamini ana huruma.

Kaka yako anayechechemea,
Serge


Harrow
20 Mei 1999

Kaka Serge,

Salamu tele, na unisamehe kimya. Kifua kimetulia?

Pole haikuja. Siku ya mahojiano ya Uhamiaji Mzee akavaa suti: "Nakusindikiza." Kwenye treni nilitafuta namna ya kumpoteza, sikuipata.

Afisa alidhani mimi Mtanzania ninayejifanya Mkongo. Kisha akafungua barua ya Mzee, kurasa kumi na moja: njia niliyokimbilia kama nilivyomjibu, kilima kwa kilima, na kiapo kwamba asiyetoka Uvira hawezi kuijua. Ukurasa wa mwisho, jina lako.

"Serge ni nani?"

Mzee akatazama dari.

"Kaka yangu," nikasema. "Yuko hai. Nilimficha kwa woga."

Afisa aliandika mpaka jasho likanikauka. Juzi jibu limefika: wamenipa kibali cha kukaa miaka minne.

Tulipotoka siku ile, Mzee aliniuliza, "Na mguu?"

"Haukuvunjika, Mzee."

"Nilijua. Mwenye maumivu hana nafasi ya kunisalimia mimi."

Hajaniomba radhi kwa kusoma barua, nami sijamwomba kwa uongo wetu. Asubuhi namsomea gazeti, jicho moja kwenye mikono yake iliyofungua barua zako.

Mdogo wako,
Angélique