Mama, Stela Amerudi na Uso Mwingine

Mama yangu,

Huku hatujambo, ila si wote, na ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Najua huko uliko barua haifiki. Lakini jambo hili ni lako, na hapa Kasulu sina mtu wa kumweleza bila kesho kulikuta kwenye simu za watu.

Nianze na kibaraza, maana ndicho ungekiulizia kwanza. Bado nasuka pale pale, kwenye benchi lako. Wateja wapo. Ila siku hizi mtu haji na kichwa, anakuja na picha. Unakumbuka ulivyokuwa ukizipima nywele za mtu kwa vidole, kisha ukamwambia, "Hiki kichwa kinataka mistari minene, mama, tusikitese"? Sasa ukisema hivyo unaonekana hujui kazi. Juzi mke wa mwalimu alinionyesha kwenye simu dada mmoja wa Nigeria mwenye nywele za kuwatosha watu wawili, na zake yeye unazijua. Nikamsuka, ningefanya nini. Akajipiga picha, akaondoka anacheka. Kesho yake asubuhi huyo karudi: wenzake kwenye kundi la wasapu wamesema mtindo umempa uso mpana, nifumue. Wewe ungemfukuza na kitana mkononi. Mimi nikafumua.

Halafu kuna kimya, Mama. Zamani pale barazani tulijua nani ana mimba, nani kapigwa, nani mahindi yake ya shambani Kagerankanda yameliwa na wadudu. Ulianzia kisogoni makusudi, ukisema mtu asipoona uso wako anatoa ya moyoni. Sasa nashika kichwa cha mtu tangu asubuhi hadi mchana, mwenyewe kainamia simu anacheka na watu wa Mwanza.

Basi, Stela.

Siku zako za mwisho uliniambia neno moja tu juu yake: "Mwana wanje, mwanangu, mdogo wako usimwache peke yake." Mwaka huu, kambi ya Nduta ilipofunguliwa tena kwa wakimbizi na wageni wakajaa Kibondo, alipata kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya kulala wageni. Nilifurahi sana. Akanunua simu ya kupangusa, akaanza kuweka picha zake mtandaoni. Kila picha alikuwa mweupe kuliko ile iliyotangulia. Watu wakamsifu, mioyo myekundu ikajaa chini yake. Wateja wangu wakataka kujua anapaka nini, naye akawaelekeza kwa mwanamke fulani wa Dar anayeuza krimu mtandaoni: unatuma pesa kwa simu, kopo linakuja na basi. Hakuna aliyewahi kumwona huyo mwanamke. Wewe uliyekuwa unanusa kila chupa ya mafuta ya mise, yale ya kokwa za chikichi, kabla ya kulipa, ukimuuliza muuzaji kayakamua lini, ungeshika kichwa.

Mwezi huu akaja likizo. Alishuka kwenye basi kajifunga mtandio hadi puani, akasema anaogopa vumbi, na mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Nikamkalisha kwenye benchi nimsuke. Akaulegeza mtandio nyuma tu, usoni akauacha, nikaanzia kisogoni. Nyuma ya masikio ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, na shingoni ana mabaka meusi kama chapati iliyoungua. Mikono yangu ikasimama. Simu yake ikaita mapajani, ikaita tena, hakuipokea. Akasema kwa sauti ndogo, "Dada, inaniwasha mpaka nalia. Moto sisogelei, juani sitoki. Nikiacha kupaka nabadilika, na watu wote wameshaniona vile."

Nililia, Mama. Tulilia wote wawili pale barazani, wapita njia wanatutazama. Nilikutaka siku ile kuliko hata siku tuliyokuzika.

Nikampeleka hospitali. Daktari, kijana aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, hakumgombeza. Alisema ngozi imeunguzwa na dawa kali, krimu aiache leo leo, itachukua muda, na huenda rangi isirudi sawasawa kote. Stela akauliza jambo moja tu: "Sasa nitaweka picha gani?" Nilitaka kukasirika. Nilipomwangalia nikaona anaogopa kweli.

Siku chache baadaye, wateja wamejaa barazani, binti mmoja akatoa kwenye mkoba kopo lile lile, jipya, kalichukua stendi asubuhi. Wenzake wakaanza kulipokezana, wananusa. "Nataka nitoke kama Stela," akasema. Stela alikuwa ndani, anasikia. Akatoka, akasimama mbele yao, akavua mtandio.

Mashavu yake, Mama... sitakueleza. Yule binti alilitazama kopo, akalitazama shavu, akaondoka na nywele zake nusu. Kopo kaliacha kwenye benchi.

Ningependa hadithi iishie hapo. Lakini mmoja wao alimpiga picha kwa siri, na kabla jua halijazama ilikuwa imezunguka Kasulu yote hadi kazini kwake Kibondo. Wale wale wa mioyo myekundu wameandika maneno ambayo siwezi kuyatia kwenye barua yako. Stela ameyasoma yote. Nilimsihi asiyasome, akasema, "Niache niyajue, Dada, nisije nikayakuta njiani." Wateja wawili hawajarudi barazani. Wanne wamekuja faragha kuniuliza waache vipi kupaka, nami nimewapeleka kwa daktari yule yule.

Jumapili tunakuja Makere kupalilia kaburi lako. Inabidi tupite katikati ya watu wanaotoka kanisani, na simu zao wanazo. Nilimwambia tupite njia ya mashambani. Amekataa. Mtandio nao amekataa, anasema kwa mama yake haendi amejifunika.

Pumzika, Mama. Nakuahidi nitatembea naye bega kwa bega hadi hapo ulipo, na wakitoa simu sitamwachia mkono. Tukifika, usimtafute yule mweupe wa kwenye picha. Ni huyu wa mabaka. Huyu ndiye Stela wako.

Mwanao,
Devota