Breki ya mkono ya Ngassa

Elina, acha unachofanya usome hii. Nimecheka mpaka mbavu zinauma 😂

Kaka Ngassa kasimamishwa na trafiki hapa Somanda na kile kipikapu chake. Alikuwa anampeleka mama mkwe wake kliniki. Trafiki akakagua bima kwenye simu, akakuta ipo hai. Ngassa kifua mbele!

"Haya, vuta breki ya mkono nione."

Ngassa akaanza kupapasapapasa pembeni mwa kiti. Mara mlango wa abiria ukafunguka, mama mkwe akashuka taratibu na jiwe, akaliweka nyuma ya tairi.

"Breki ndiyo hii, ng'wanone, mwanangu. Huwa naishika mimi."

JIWE, Elina! Mbele ya trafiki!

Yule dada trafiki akageukia pembeni, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Aliporudi akasema gari haliondoki mpaka litengenezwe. Ngassa anasema hapo alitamani liserereke tu, limpeleke mbali.

Mama mkwe, bibi wa watu, ndiyo kwanza anashangaa: "Kumbe magari yana breki yake? Na mimi miezi minane napanda na kushuka na magoti haya!"

Fundi ameshafika. Kliniki bibi kaghairi. Amekaa kwenye benchi la wauza vocha, anasema haendi popote mpaka aone gari limesimama lenyewe.